Kiti na Kitu

Kabla ya mzigo kuna kata. Mwanamke wa Lusangi, katika Maniema, mashariki ya Kongo, anayejiandaa kwenda sokoni huchukua kipande cha kikwembe kilichokwisha kazi yake mwilini, akakisokota, akakizungusha mpaka kikawa duara, akakiweka utosini. Ndipo beseni la mihogo au dumu la mawese linapopandishwa, mara nyingi kwa msaada wa mwenzake, maana kupandisha ndiko kugumu kuliko kubeba. Mzigo ukishatulia, mikono huachia. Kuanzia hapo ni shingo, uti wa mgongo na mwendo. Njia ya Kabambare ina mashimo, ina matope, ina pikipiki zinazopita kwa fujo, na mzigo hauanguki.

Mgeni mwenye kamera akipita hapo huiona picha mara moja, na huwa ni ileile: mwanamke mweusi, mzigo, vumbi, jua. Huipiga bila kuuliza jina. Picha ya namna hiyo inaweza kuishia kwenye kalenda, kwenye ripoti ya shirika la misaada au kwenye ukuta wa hoteli, na aliyemo asijue kamwe kwamba yumo.

Lakini safari ya siku chache kuelekea kusini, ukishaiacha nchi ya Wabangubangu na kuingia kwa Wahemba wa Kongolo, kuna mahali ambapo mwanamke aliyeinua mikono kubeba kitu alichongwa na mtu aliyemwona kwa jicho jingine kabisa. Mahali hapo ni Buli, kijiji kilicho karibu na pale mto Lukuga unapomwaga maji yake katika Lualaba. Katika karne ya 19 fundi mmoja wa pande hizo, au fundi na wanafunzi wake, alichonga viti ambavyo leo ni miongoni mwa kazi za mbao za Afrika zinazojulikana zaidi duniani. Kazi zinazohesabiwa kuwa za mkono huo ni kama 20 hivi. Zimetawanyika Berlin, London, Tervuren na New York.

Kile cha New York, kilichoingia katika jumba la makumbusho la Metropolitan mwaka 1979, kina urefu wa sentimita 61 tu, yaani kinamfikia mtu mzima juu kidogo ya goti. Hata hivyo, anayekitazama kwenye picha huapa kwamba ni kikubwa. Mwanamke amekibeba kikalio kwa kichwa na kwa vidole. Uso wake ni mrefu, mashavu yamezama, macho yameinamishwa kama ya mtu anayesikiliza jambo zito. Si msichana; ni mama aliyekwisha kuona mengi. Nywele zimesukwa nyuma kwa umbo la msalaba. Tumbo limechanjwa chale. Na mikono! Fundi ameichonga mikubwa kupita kipimo cha mwili, vidole virefu vimekunjuka chini ya kikalio, kana kwamba mtawala anayeketi juu yake ameshikwa, wala hakupakiwa.

Mtu aliyezoea kufikiri kwamba anayekaa juu ndiye mkubwa atasema huyo chini ni mtumwa. Waluba na Wahemba hawakusema hivyo, na hapa ndipo panapohitaji kukaa kidogo.

Katika falme za Waluba na kwa majirani waliochukua desturi zao, kiti cha namna hii, lupona, kilikuwa nembo ya utawala pamoja na fimbo, shoka la sherehe, mkuki na kishikizo cha pinde. Mtawala mpya alikaa juu ya kiti siku ya kusimikwa, akala kiapo. Baada ya hapo kiti hakikuachwa barazani wageni wakikalie. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikapewa mlinzi wake maalumu, na mara nyingi kikawekwa kijiji kingine kabisa kwa kuogopa wezi na unajisi. Kilitolewa kwa nadra. Kilikuwa makao ya roho kuliko makao ya matako, na roho hiyo ilishikiliwa na mwili wa mwanamke.

Kwa nini mwanamke? Mary Nooter Roberts, mtafiti wa Kimarekani aliyeishi na Waluba katika miaka ya 1980, na ambaye pamoja na mumewe Allen Roberts aliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kiluba New York mwaka 1996, aliuliza swali hilo kwa wenyewe. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba roho ya mfalme ni nzito, na mwili wenye nguvu za kuihifadhi ni wa mwanamke. Jibu hilo halikuwa la mbao peke yake. Mfalme wa Waluba alipofariki, maskani yake yaligeuka kuwa kitenta, mji wa roho yake, na mle aliingizwa mwanamke aliyeitwa Mwadi. Roho ya marehemu ilimshukia. Alipewa masalio ya mfalme ayatunze. Watumishi wa mfalme walimhudumia yeye, hata wake wa marehemu wakawa wake zake. Mwadi alipokufa, mwingine wa ukoo wake alishika nafasi. Kwa hiyo nchi ilikuwa na mfalme aliye hai, mwanamume, na nyuma yake safu ya wafalme waliotangulia ambao kila mmoja sasa alizungumza kwa sauti ya mwanamke.

Ukishalijua hilo, rudi kwenye sanamu. Katika fimbo, katika viti, katika vyombo vya waganga, sanamu ya mwanamke wa Kiluba mara nyingi ameweka mikono juu ya matiti yake. Mgeni aliyetoka Ulaya aliuona uchi. Waluba waliuona ulinzi: siri za ufalme, yale makatazo na miiko iliyoushikilia utawala, imetunzwa mle kifuani, na aliyepewa kuitunza ni mwanamke. Chale za tumboni nazo, ambazo huitwa ntapo, si pambo la kumfurahisha mtazamaji na kwisha. Zina majina na maana, na mpangilio wake una undugu na mpangilio wa shanga na michoro ya lukasa, ule ubao wa kumbukumbu ambao watu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa kidole huku wakisimulia historia ya wafalme. Ngozi ya mwanamke na ubao wa historia viliandikwa kwa mkono wa namna moja. Mwili ulisomwa.

Isije ikadhaniwa kwamba wanawake wa Kiluba waliishi peponi. Mabinti walitolewa kwa watawala wa mbali ili kufunga mikataba ya kisiasa, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Wachongaji walikuwa wanaume. Kaskazini zaidi, kwa Walega wa Pangi katika Maniema hiihii, chama cha Bwami kilikuwa na daraja la juu la wanawake, kanyamwa, lenye heshima kubwa, lakini mwanamke alilifikia kupitia cheo cha mumewe. Na kati ya sanamu za Bwami yumo Wayinda, mwanamke mjamzito anayetumika kufundisha ubaya wa uzinzi. Mwanamume aliyezini naye hakuchongwa. Sanaa ya mababu ina upande wake, na anayeipenda anapaswa kuutaja.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kumpa mwanamke nafasi usiyoiridhia wewe na kumwondolea nafasi yoyote. La pili lilikuja kwa bunduki.

Tarehe 15 Julai 1871, msafiri wa Kiskoti David Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, si mbali na Kasongo. Alikwisha kukaa miezi mingi Kabambare akiuguza miguu, na soko la Nyangwe lilikuwa limemfurahisha kuliko kitu chochote alichokiona Maniema. Lilifanyika kila siku ya nne. Wauzaji wengi walikuwa wanawake, waliokuja kutoka ng'ambo ya mto na vijiji vya ndani na mizigo ya samaki, vyungu, mihogo, kuku, chumvi na mawese. Aliandika kwamba walibishania bei kwa raha, wakicheka, na kwamba hata vijiji vilipopigana, desturi ilimlinda mwanamke aliyekuwa njiani kwenda sokoni. Alipita na kata yake bila kuguswa.

Siku hiyo watu kama 1,500 walikuwa sokoni. Wenye bunduki wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe walianza kufyatua risasi katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengine wakaogelea kuelekea kisiwa wasichoweza kukifikia, na Livingstone akaona vichwa vikitoweka kimoja kimoja. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ya mauaji hayo ilipofika London iliongeza shinikizo lililofanya soko la watumwa la Zanzibar lifungwe mwaka 1873. Kwenye vitabu, jina lililobaki ni la Livingstone. La mwanamke hata mmoja wa soko lile halikuandikwa.

Miaka 22 baadaye, Aprili 1893, Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, iliangukia mikononi mwa majeshi ya Dola Huru la Kongo, na bwana akabadilika. Pamoja na pembe za ndovu zikaanza kusafirishwa sanamu. Moja kati ya kazi za mkono wa Buli iliyofika Tervuren, nje ya Brussels, ni mwanamke aliyeketi ameshika bakuli kubwa mbele yake. Vyombo vya aina hiyo vinajulikana: ni mboko, bakuli la chokaa nyeupe ambalo mganga wa Bilumbu alilihitaji katika kazi yake, au lililowekwa penye mlango wa mtawala, na mwanamke aliyeshika bakuli ni mshirika wa roho inayomwezesha mganga kuona. Wazungu walimtazama mwanamke mweusi aliyeshika bakuli, wakaona jambo moja tu linalowezekana. Wakamwita ombaomba. "Ombaomba wa Buli" likawa jina lake katika vitabu vya sanaa, na kwa wengi ndilo jina lake mpaka leo. Mshika ufunguo wa hekima ya nchi aliitwa mwombaji wa senti, na waliompa jina hilo ndio waliokuwa wamebeba mali ya nchi yake.

Kiswahili kimeweka herufi moja tu kati ya kiti na kitu. Historia ya picha za wanawake wa Kongo katika miaka hamsini iliyofuata ni historia ya herufi hiyo kubadilishwa.

Mwaka 1897 Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walipelekwa Tervuren na kuwekwa katika vijiji vya maonyesho ili Wabelgiji wawatazame. Saba walifariki huko. Kisha ikaja kamera. Casimir Zagourski, mpiga picha mwenye asili ya Poland aliyefika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1924, alitengeneza mamia ya kadi za posta chini ya jina la "Afrika inayotoweka". Ni picha nzuri, hilo halifai kukanwa. Mwanga umetulia, ngozi imeng'aa, misuko ya nywele imeonekana uzi kwa uzi. Lakini chini ya kadi pameandikwa kabila, si jina. Mwanamke amekuwa sampuli.

Palipokuwa na jina, halikusaidia kitu. Nobosudru alikuwa mwanamke wa Kimangbetu, mke wa chifu Ekibondo, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Msafara wa magari ya Citroën uliokatiza Afrika mwaka 1924 na 1925 ulimpiga picha kwa ubavu, kichwa chake kirefu na msuko wake ulioenea nyuma kama feni. Picha hiyo ikawa tangazo la filamu ya msafara. Ikachorwa, ikachongwa, ikanakiliwa. Mchongaji François Bazin akaifanya pambo la chuma la kufungwa mbele ya gari, juu ya rejeta. Mke wa chifu aligeuzwa kipuri. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa mtu kufanywa kitu, tena kitu kinachouzwa dukani.

Na uhuru haukuondoa desturi hiyo mara moja. Wenye umri katika Maniema wanakumbuka "animasyo" ya enzi za Rais Mobutu, Kongo ilipoitwa Zaire. Kuanzia miaka ya 1970 kila kiwanda, kila shule, kila ofisi ilipaswa kuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kumsifu Kiongozi. Wanawake walivalishwa vikwembe vyenye sura yake, wakapangwa uwanjani saa nyingi juani kungoja ndege itue, kisha wakaambiwa wakate viuno. Serikali iliita jambo hilo uasilia wa Kizaire. Mwanamke aliitwa mama wa taifa na wakati huohuo uso wa mwanamume mmoja ulichapishwa kwenye kitambaa kilichomfunika kiuno.

Aliyejibu vizuri kuliko wote ni mwana wa kizazi hicho. Michèle Magema alizaliwa Kinshasa mwaka 1977, akahamia Ufaransa na familia yake angali mtoto. Mwaka 2002 alitengeneza kazi ya video aliyoiita Oyé Oyé. Ina picha mbili sambamba. Upande mmoja ni filamu za zamani za sherehe za Mobutu: maandamano, bendera, safu za wanawake wanaocheza. Upande wa pili ni Magema mwenyewe, sketi ya buluu na blauzi nyeupe, vazi la mwanafunzi wa Zaire, anapiga gwaride papo hapo. Miguu inainuka, mikono inarushwa, wala haendi popote. Hakuna hotuba wala maelezo. Mtazamaji anaona upande mmoja umati uliofutwa majina, na upande mwingine mwili mmoja ambao umekubali kufanya kilekile ili kuonyesha kilikuwa nini. Kazi hiyo ilimpatia tuzo katika maonyesho ya Dak'Art, Dakar, mwaka 2004, ikasafiri na maonyesho ya Africa Remix, na mwaka 2007 ikaonyeshwa Brooklyn miongoni mwa kazi za wanawake kutoka duniani kote.

Nguvu ya Oyé Oyé ni kwamba haimpambi mwanamke. Haimwiti shujaa. Na hilo lina maana, kwa sababu kuna sifa ambayo ni mzigo uliofunikwa kwa maua. "Mwanamke wa Kiafrika ana nguvu" husemwa na watu wawili tofauti: anayemheshimu, na anayetaka aendelee kubeba. Mara nyingi mtu anayesifu shingo ya mama wa Lusangi ni yuleyule asiyefikiria kumtafutia baiskeli. Msanii anayetaka kumtukuza mwanamke mweusi hana budi kupita katikati ya hatari hizo mbili: amwonyeshe nguvu zake bila kumgeuza punda, na uzuri wake bila kumgeuza pambo.

Wangechi Mutu ameipita njia hiyo kwa miaka mingi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea sanaa Marekani, na kwanza alijulikana kwa kukatakata magazeti. Alichukua kurasa za mitindo ya mavazi, kurasa za picha chafu, kurasa za vitabu vya utabibu, akazikata kwa mkasi na kuunga upya: mdomo kutoka hapa, mguu kutoka kule, pikipiki badala ya kiungo, ngozi ya chui badala ya shavu. Kati ya mwaka 2004 na 2006 alitengeneza nyuso za wanawake juu ya michoro ya kale ya kitabibu iliyoonyesha magonjwa ya mfuko wa uzazi. Kazi hizo si za kutundika sebuleni kwa raha. Jicho lililozoea kumkata mwanamke vipande, kifua, kiuno, paja, linaonyeshwa vipande vyake lenyewe, na vipande hivyo vinatazama nyuma.

Mwaka 2019 jumba la Metropolitan lilimwita. Ukuta wa mbele wa jumba hilo, unaotazama barabara ya Fifth Avenue, una vishubaka vinne vikubwa vilivyojengwa ili viwekwe sanamu. Ulikamilika mwaka 1902 na vishubaka vikabaki vitupu, miaka 117. Septemba 2019 Mutu aliwaweka humo wanawake wanne wa shaba nyeusi, akaiita kazi yote The NewOnes, will free Us, yaani hao wapya watatuweka huru.

Mutu alieleza kwamba alianzia kwa wanawake wanaobeba: wale wa marumaru wanaoshikilia paa la hekalu la Athens, na wale wa mbao wanaoshikilia viti vya watawala wa Afrika. Kile kiti cha Buli chenyewe kiko ndani ya jumba hilohilo. Kwa hiyo mwaka ule, mwanamke wa kando ya Lualaba alikuwa ndani na kikalio kichwani, na nje, kwenye ukuta, walikuwa jamaa zake wa shaba. Lakini hao wa nje hawakubeba chochote. Wameketi, au wamepiga magoti, migongo imenyooka. Miili imefungwa kwa mizunguko ya shaba inayofuatana kama nguo na kama silaha ya kujikinga. Katika kichwa cha kila mmoja kuna kisahani kilichosuguliwa kikang'aa: mmoja machoni, mwingine mdomoni, mwingine kwenye kipaji, mwingine kisogoni. Mutu alivitoa katika mapambo ya wanawake wa heshima wa Afrika, ya midomo na ya kichwa, yaleyale ambayo kadi za posta ziliyafanya vioja. Jua la New York lilipovipiga, vilirudisha mwanga, na mpita njia ndiye aliyefumba macho.

Ni hatua ndogo ya mwili, kutoka kubeba hadi kukaa. Mwanamke aliyekuwa kiti amepewa kiti.

Karibu zaidi na nyumbani yupo Pamela Tulizo wa Goma. Alianza kama mwandishi wa habari, katika mji ambao ulimwengu unaujua kwa mambo mawili, volkano na vita. Habari alizotakiwa kuleta kuhusu wanawake zilikuwa za namna moja: aliyebakwa, aliyekimbia, aliyelia. Habari hizo si za uongo. Mashariki ya Kongo, na Maniema kusini ikiwemo, yamelipa gharama hiyo kwa miili ya mabinti. Alichokikataa Tulizo ni kwamba hapakuwa na habari nyingine. Aliwajua wanawake wa Goma wanaouza, wanaobuni nguo, wanaosoma, wanaojipenda, na hao hawakutakiwa na mtu. Akaacha uandishi wa habari, akashika kamera.

Mfululizo wake wa Double Identité, maana yake utambulisho maradufu, umejengwa juu ya kioo. Mbele ya kioo wanakutana wanawake wawili: yule aliyevaa kwa fahari, na yule wa ripoti, yule wa tangazo la kuomba msaada. Ni mtu mmoja, sura mbili, na mtazamaji analazimika kuuliza ni ipi aliyokuja nayo yeye kichwani. Mwaka 2020 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Dior ya vijana wa sanaa ya picha, inayotolewa pamoja na kituo cha LUMA cha Arles, Ufaransa. Nyumba ya mitindo ya Paris ikampa ushindi binti wa Goma aliyewapiga picha wanawake wa Goma jinsi wanavyojiona.

Kinachowaunga Tulizo, Mutu na Magema na yule fundi wa Buli ni namna ya kumtazama mwanamke. Fundi wa Buli, ambaye watafiti wengine wanadhani aliitwa Ngongo ya Chintu, alichonga mashavu yaliyozama na macho yaliyoinama kwa sababu alijua aliyemchonga ana mambo moyoni. Ulaya ilipoanza kumtambua, kwa kazi ya Mbelgiji Frans Olbrechts katika miaka ya 1930, ilimpa cheo cha Bwana Fundi, naye anakistahili. Mwanamke wake hakupewa cheo. Akabaki nguzo, akabaki ombaomba.

Hayo yanaweza kusahihishwa, na sehemu yake imeanza. Mwaka 2019 makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakikabidhi kwa mkopo usio na mwisho, na Julai mwaka huohuo Ubelgiji ikapitisha sheria inayofungua mlango wa kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni. Kinyago kimoja ni kidogo mno, na mkopo si marejesho. Wakati wanasheria wanabishana, viti vya Buli vingali Berlin, London na New York, na mshika bakuli angali Tervuren.

Lakini picha zao zinapatikana bure kwenye simu yoyote yenye intaneti, na mwalimu wa Lusangi, Kasongo au Kabambare hana haja ya kungoja sheria ya mtu. Achukue kikwembe, asokote kata mbele ya darasa, amwombe mwanafunzi aiweke utosini. Kisha aonyeshe kiti, halafu aonyeshe bakuli. Na awape jina sahihi: mlinzi wa siri, makao ya roho ya mfalme, mshirika wa mganga. Ombaomba hayumo.